Nuru Haikusimama

Jumatano.
Nimekosea mwenyewe, baada ya miaka yote ya kusahihisha wenzangu. Juzi nilitangaza redioni kwamba Spès, mwanafizikia wetu, amesimamisha nuru. Kumbe aliipunguzia mwendo tu, ndani ya kipande cha silikoni kilichotobolewa vitundu vidogo kwa safu. Chuoni wakamwita mjivuni, na Ijumaa anatetea tasnifu yake mbele ya haohao.

Leo nikamwomba mhariri nafasi ya kusahihisha.

“Apana, mukubwa. Nani atajua tofauti?”

“Wale watatu watakaomhoji.”

Akanipa sekunde ishirini, mara baada ya matangazo ya vifo, saa ambayo hakuna anayezima redio Bujumbura. Nikasahihisha neno kwa neno.

Jioni Spès akapiga simu. “Aksanti, muzee. Sasa banasema nilijaribu kuisimamisha, nikashindwa.”