Tabaka la Uchafu

Jumamosi, 6 Februari 2010

Jibini tena! Ustadh Shauki, mwenye studio hii ya picha, kala jibini ya Dumyat kwa vidole juu ya kibodi yangu, maji ya chumvi yakadondoka kwenye herufi, akajifuta kwenye suruali, halafu ananiuliza, Rawia, mbona leo uko polepole? Polepole! Vitufe vinanata. Nimevisugua kwa spiriti na bado vinanuka zizi.

Faili arubaini na tatu leo. Nafungua picha ya kijivu, naigeuza iwe faili la rangi — ukisahau hapo, hata upake nyekundu inatoka majivu — kisha napanga matabaka juu yake. La ngozi, la nguo, la pazia. Tangazo liko mlangoni: Mrudishie babu rangi zake. Watu wanamiminika.

Negativu, zile filamu za marehemu baba yake, nyuso za mji huu miaka arubaini, Ustadh aliziuza kwa kilo kwa mtu anayezichemsha apate madini ya fedha. Nyuso za watu sufuriani! Zimebaki nakala zake za kompyuta tu, faili za kijivu. Na hizo nazo, nikishazigeuza, amri ni kuzifuta. Diski imejaa, anasema. Imejaa harusi za mpwa wake.

Mimi nazifuta mbele yake, lakini kwanza naacha nakala. Chini kabisa ya kila faili naiweka ile ya kijivu kama ilivyopigwa, nafunga kijicho chake, ile alama ya jicho pembeni, isionekane, naipa jina "uchafu". Ustadh hana habari.

Jumapili, 7 Februari

Ngozi nyeupe, Rawia, nyeupe! Hakuna mteja anayekuja hapa ili bibi yake aonekane mkulima. Basi nimempaka bibi mmoja wa watu rangi ya maziwa, na macho ya kijani juu. Mjukuu wake kafurahi, kasema ndivyo alivyokuwa. Muongo. Bibi alikuwa mweusi mzuri, uso kama wa mama yangu. Ptu!

Jumatatu, 8 Februari

Kaja Haji Mitwalli, mwenye duka kubwa la samani barabara ya sokoni. Baba yake, Mzee Ghaffar fundi seremala, kafariki mwezi uliopita. Arubaini yake ni Alhamisi ya tarehe 18. Anataka bango kubwa la kutundika mbele ya hema la wasomaji wa Kurani, lenye utepe mweusi pembeni, na baba awe na rangi.

Tumeipata picha kwenye faili zetu, ya mwaka 1958. Mzee Ghaffar kijana, kasimama upande mmoja wa kiti alichokichonga mwenyewe, maua matupu kuanzia juu hadi miguuni. Upande wa pili kasimama mwanamke. Mkono wake uko juu ya kiti.

Haji kagonga skrini kwa ukucha. Huyu mtoe.

Nikauliza, ni nani huyu, Haji? Akasema, binti, hakuwa mtu. Aliolewa kidogo kabla ya mama yangu, akafa. Baba yangu watu wanamjua kwa mke mmoja. Kiti usikiguse! Kiti ndicho kilichompa baba jina.

Ustadh kaweka mkono kifuani. Kwa macho yangu mawili, Haji wangu, itafanyika.

Aliolewa kidogo! Ndoa nayo imekuwa kikohozi.

Jumanne, 9 Februari

Kutwa nzima nimemfuta mtu. Gauni lilikuwa rahisi, ni ukuta tu nyuma yake. Kazi ilikuwa vidole. Vidole vitano juu ya maua ya mbao, na mimi sijui maua yaliyo chini yake yakoje. Nimekopa ua kutoka upande wa pili wa kiti, nikaligeuza, nikalibandika juu ya kidole kimoja kimoja. Limekaa! Huwezi kujua. Ustadh kapiga makofi.

Kazi yangu ni nzuri. Lakini nimenawa mikono mara tatu, utadhani nilishika samaki aliyeoza.

Ila chini kabisa yupo. Uchafu, kijicho kimefungwa.

Jumatano, 10 Februari

Haji kabusu skrini. Kauliza, ile ya zamani mmeifuta? Ustadh kaapa kwa Mungu, kwa msahafu na kwa talaka ya mkewe kwamba imefutwa. Mimi nikatazama kibodi.

Ustadh kalitia faili kwenye flashi, lote na matabaka yake, kalipeleka kwa Bishara mchapa mabango. Bishara ataweka utepe na maandishi.

Jumamosi, 13 Februari

Leo nimejichukia.

Kaja mama mmoja wa miaka hamsini na ushei, fimbo mkononi, miwani mizito. Bi Daulat. Amekuja kwa basi kutoka Faraskur. Kasema yeye ni binti wa Mzee Ghaffar kwa mke wa kwanza, Tafida. Mama yake alikufa yeye ana miaka miwili, akalelewa kwa shangazi. Picha ya mama ilikuwa moja tu, ukutani kwa baba. Alipokwenda kwenye tanzia akakuta msumari mtupu. Kamuuliza mdogo wake Mitwalli, kaambiwa, picha gani?

Kasema, niliishika mara moja tu nikiwa mdogo, nyuma yake palikuwa na muhuri wa studio hii. Wanangu, mimi sina uso wa mama yangu. Nataka tu kujua pua hii niliitoa wapi. Akacheka, akajishika pua. Kubwa kweli, maskini.

Ustadh kamletea chai. Kamwita mama yangu, mwanga wa nyumba, mpaka sukari ikanishinda. Kisha kasema, hatuna kitu cha zamani hivyo, Mungu shahidi. Na akanikazia macho mimi.

Na mimi nikanyamaza! Ninalipia dawa za baba, ninamwogopa mla jibini, nikanyamaza. Mama wa watu kakaa nusu saa akitazama picha za maharusi ukutani, kanywa chai mpaka kikombe kikabaki kisafi, kaenda. Nimemkimbilia ngazini, nikachukua namba yake ya simu. Nikamwambia, nitatafuta. Hata hapo sikuthubutu kusema ipo.

Jumapili, 14 Februari

Nimefika mapema nimtolee Bi Daulat picha yake kabla Ustadh hajaja. Nafungua faili — tabaka moja. Nafungua jingine — moja. Zote, moja!

Ustadh kaingia anameremeta. Juzi Ijumaa, mimi niko nyumbani, mpwa wake kamfundisha kuyabana matabaka yawe moja ili faili zipungue. Kazibana zote, na leo diski inapumua. Nikamuuliza, mashine haikukuuliza kitu? Kasema, ah, iliuliza kama itupe matabaka yaliyofichwa. Nikabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo. Kwani ulikuwa umeficha kitu, Rawia?

Niliyaficha mwenyewe. Ningeziweka nakala kwenye faili zake peke yake, zingebaki. Nilijiona mjanja, kumbe namrahisishia. Nyuso elfu moja na mia mbili. Na yeye kachukua mkate akachovya kwenye maji ya jibini. La kuvunda halina ubani!

Jumatatu, 15 Februari

Mvua. Kutwa nimepaka faili tatu tu. Ustadh kauliza kama nimepatwa na jicho.

Jumanne, 16 Februari

Flashi! Mjinga mimi, flashi! Faili la Haji lilitoka Jumatano, kabla ya kubanwa.

Nimempigia Bishara. Kabla sijamaliza salamu anacheka. Dada Rawia, kuna bibie nimemkuta kwenye uchafu wako! Nimeyafunga ya juu nikamwona, mzuri, ana pua ya kifalme. Nikamwambia, Bishara, kwa mtakatifu wako unayemwamini, usibane, usihifadhi, usibonyeze chochote. Nakuja kesho.

Jumatano, 17 Februari

Naandika hapahapa kwa Bishara, nyuma ya karatasi mbovu, nitaibandika daftarini. Nimemdanganya Ustadh kwamba naenda kwa daktari. Bi Daulat yuko kando yangu na paketi ya mshabbaki, vitamu vya shira, mapajani, hataki kuifungua mpaka aone. Kwenye skrini hakuona. Anasema ni moshi tu, macho yake hayawezi mwanga huo. Nikamwambia Bishara, mtolee picha ya karatasi, ndogo, yenye mama yake, kisha yafungue tena matabaka ya juu ulichape bango la Haji kama alivyoagiza.

Bishara kasema sawa, kabonyeza, kaenda kumimina chai. Na mashine kubwa ndiyo iliyoanza kunguruma. Ya bango!

Inatoka taratibu, miguu kwanza. Miguu ya kiti na maua yake. Viatu vya Mzee Ghaffar. Vyote vya kijivu, hakuna rangi. Na sasa upande wa pili, viatu vya mwanamke, vya kamba, kimoja kimekanyagia ndani kidogo.

Bishara karudi na chai, kaona, kawa mweupe. Ananitazama. Kitufe chekundu cha kusimamisha kiko karibu na kiwiko changu. Nikikibonyeza hakuna atakayejua. Haji atapata bango lake, Bi Daulat atapata kipande cha karatasi cha kuficha mkobani, na mimi nitarudi kwenye vitufe vyangu vya jibini. Tafida atarudi chini na kijicho kimefungwa. Nimekiondoa kiwiko changu pale.

Pindo la gauni limeshatoka. Bi Daulat kaondoa miwani, kasogeza uso mpaka karibu unagusa turubali. Anauliza, viatu hivi ni vyake? Nimemwambia, ndiyo, mama, ni vyake.

Gari limesimama nje. Haji Mitwalli yuko mlangoni, anauliza kwa sauti kama bango la baba yake liko tayari. Bishara kashika birika tu. Vidole vya Tafida vinaanza kutoka juu ya kiti, na Bi Daulat, bila kugeuka, anasema:

"Njoo uone, mdogo wangu."