Harusi Tuliyoipunguza

Jumapili jioni, Kitengela. Mawingu yamekaa chini tangu asubuhi na upepo wa Julai unaingia kwa nafasi iliyo chini ya mlango. Niko kitandani nimevaa soksi mbili mbili, chai mkononi.

Jana niliolewa.

Nataka kuandika kabla sijasahau tulivyofika hapa, kwa sababu kuna wakati mwaka huu mimi na mama yangu hatukuwa tunaongea.

Mume wangu ni Lemayian. Bado neno hilo mume linanichekesha. Anaendesha lori la maji, yale yanayojazia watu matangi huku kwetu mifereji ikikauka. Mimi nauza dawa katika duka la dawa hapa mjini. Hatulali njaa, lakini pia hatuna pesa za kuchezea. Mahari ilienda vizuri, wazee wakaelewana, kamati ya harusi ikaundwa. Baada ya hapo mambo yakaanza kukimbia na kutuacha nyuma.

Bustani ya kukodi, keki ya ghorofa, magari ya rangi moja, mtu wa kupiga picha kutoka angani. Kila mkutano uliongeza kitu na hakuna aliyepunguza. Nakiri kwamba mimi mwenyewe nilivitaka vyote. Picha za magauni nilianza kuziweka kwa simu nikiwa chuoni.

Lakini usingizi ulinihama. Nilikuwa nasimama kwa kaunta nikimweleza mtu dawa ya kikohozi, na kichwani napiga hesabu za tenti. Vidonge vya tumbo nilivyokuwa nauzia wengine nikaanza kumeza mimi.

Siku moja nikamfuata Lemayian huko Kisaju, ameegesha lori kisimani akingoja zamu yake ya kujaza. Nikapanda mbele, nikamwambia leo kila mtu aseme anapata ngapi na anadaiwa nini. Tumependana miaka na hatukuwa tumewahi kuulizana hivyo. Aliongea akiangalia usukani. Alikuwa na mikopo miwili ya simu aliyochukua wakati wa kiangazi, amnunulie Yeyo, mama yake, nyasi za ng'ombe. Mimi nikamwambia nilikuwa nimechukua mshahara wa mbele kwa ajili ya gauni. Halafu akacheka, na mimi nikacheka, na nikasikia kifua kimekuwa chepesi.

Hapo hapo tukakubaliana: tutafanya harusi ya pesa tulizo nazo.

Kumbe Mama alikuwa mbele yetu.

Mama anauza nafaka sokoni. Amenilea peke yake kwa maharagwe na ndengu. Alipoona bajeti ya kamati haijatimia, akaita dalali aende kuona ploti yake ya Kisaju, ile aliyolipia kidogo kidogo tangu nikiwa shule ya msingi, akitarajia kujenga azeekee hapo. Hakuniambia. Nilijua kwa sababu dalali mwenyewe aliingia dukani kununua dawa ya kichwa, akanipongeza. Akasema niko na bahati ya kuwa na mzazi wa kuuza ardhi kwa sababu yangu.

Jioni hiyo nikaenda kwenye kibanda cha Mama. Nikamwambia tumepunguza harusi, na ploti asiuze. Nilidhani atashukuru. Yeye alisikia kwamba ninamwona hana uwezo. Alikuwa ameshawaambia wamama wa kanisa, na kitambaa cha sare walikuwa wameshachagua.

“Unataka watu waseme nilishindwa na harusi ya mtoto mmoja?” aliniuliza.

Akafunika magunia yake akaenda nyumbani. Tangu siku hiyo hakushika simu yangu.

Nilikaribia kurudi kwa kamati niwaambie tuendelee. Lemayian akasema tusirudi, lakini pia Mama tusimwache peke yake na hasira. Kwa hivyo kila nilipopata nafasi ya kutoka kazini nilienda kibandani, nikavuta ndoo, nikakaa nikachagua maharagwe. Hakunisalimia. Hakunifukuza pia. Yeye aliuza, mimi nilichagua.

Kisha Jumamosi moja mvua ikafukuza wateja, tukabaki wawili tu chini ya mabati. Akaongea bila kuniangalia.

“Mimi sikuvalishwa na mtu. Baba yako alinichukua tu, tukaanza kukaa. Nilitaka siku yako watu wakuone.”

Wakati huo wote nilikuwa nikisikia pesa, na yeye hakuwa anaongea juu ya pesa.

Nikamwambia, “Basi nivalishe wewe, Mama. Lakini ploti iwache. Nataka uwe na mahali pa kuniita nyumbani.”

Alijipangusa uso na leso. Halafu akaniambia nimeacha mawe mengi kwa maharagwe ya watu.

Jana asubuhi alinivalisha chumbani kwake. Gauni ni la binamu yangu, Mama alilipunguza kiuno kwa mkono. Alichukua muda mrefu na vifungo, mrefu kuliko vilivyohitaji, na mimi sikumharakisha. Baada ya kanisa tukaenda kwa Yeyo, nje kidogo ya Kajiado. Yeyo alitoa mbuzi, wamama wa kanisa wakaja na chapati, wamevaa sare zao hata hivyo. Yeyo akanivisha shanga shingoni, kisha akamgeukia Mama na kumvisha zake. Kiswahili cha Yeyo ni kidogo, na Mama kwa Kimaa anajua salamu ya “sopa” peke yake, lakini walikaa benchi moja hadi jua likaenda, wakilishana nyama.

Wengine wa kamati hawakuja. Mwenyekiti alitoka kwenye kundi la simu bila kuaga. Hiyo iliniuma, nisidanganye.

Lakini hakuna mtu aliyekuwa amesimama langoni akingoja salio lake. Mkopo mmoja wa Lemayian umeisha, wa pili unaelekea kuisha. Ule mshahara wa mbele niliurudisha, na wa mwezi huu utakuja wote. Na usiku wa jana nililala kama mtoto, ndani ya nyumba ya chumba kimoja ambayo kodi yake tunaiweza.

Mchana wa leo Mama alipiga simu. Nilifikiri anataka kusengenya wageni. Akazunguka zunguka, akauliza habari za baridi, mwishowe akauliza mimi na Lemayian tulikaaje tukaongea pesa bila kugombana. Akasema yeye anakopesha nusu ya soko na hajui nani amelipa. Amechoka kubeba hiyo kitu kichwani peke yake. Akasema niende kwake Jumanne.

“Lakini uje peke yako tukae,” akaniambia. “Huyo bwana yako ataona hesabu zangu siku nyingine.”

Nimecheka hadi Lemayian akaja kuuliza kuna nini. Sasa amesinzia hapa kando yangu, na mimi bado nafikiria Jumanne. Mama ndiye alinifundisha kuhesabu, kwa punje za mahindi, nikiwa nimeketi juu ya gunia. Nitaanzia wapi kumfundisha yeye?