Namba 12 ya Mkuu wa Chuo

Marlys, uko? Nimejifungia kwenye gari.

Hostetter anastaafu, si unajua. Leo katikati ya mechi yetu ya kikapu kajifanyia sherehe! Tukasomewa maisha yake weee: mwalimu, kocha wa kikapu, mkuu wa kitivo, hadi mkuu wa chuo. Halafu jezi yake ya ujana, namba 12, ikavutwa mpaka darini. Mtu aliyekalia benchi miaka yote!

Mtangazaji akasema, "Namba hii haivaliwi tena milele!"

Na Tierney, nahodha wangu, kasimama pale pale na 12 mgongoni.

Nikamnong'oneza, "Mkuu, mwache mtoto amalize msimu nayo." Akanijibu kwenye maikrofoni, "Kocha, mwambie aivue."

AIVUE, Marlys! Sasa hivi! Wazazi wake wanatazama!

Tierney kaivua, kabaki na fulana ya ndani, kaikunja, kamwekea Mkuu miguuni, katoka. Wenzake wote wakavua zao wakamfuata nje.

Refa akaja mbio. "Kocha, umebaki na wachezaji wangapi?"

Nikamnyooshea kidole Hostetter, kasimama pale na suti yake. "Mmoja tu. Namba 12, yule pale."