Kenyenya Siendi

Alhamisi, 8 Agosti 1974

Nimetia mnyororo wa pikipiki grisi. Nimejaza upepo gurudumu la nyuma. Sanduku la majani ya chai nimelifunga kwenye karia kwa mipira ya tairi kuukuu. Mbwa wangu Diwani ameingia humo mwenyewe, kama kila Agosti shule zikifungwa, na amekaa kutwa akisubiri safari ya kesho. Nilimpa jina hilo kwa sababu anabweka sana na hafanyi lolote.

Kesho Suneka kwa Momanyi, fundi cherehani. Kisha Itumbe kwa Mama Bosibori. Kisha nyumbani. Kenyenya siendi mwaka huu.

Mke wangu, Mama Kerubo, ameniuliza tena kama kweli siendi. Nimemjibu kwa ukali, halafu nikaona haya, nikaenda kumpasulia kuni.

Niandike tu, hakuna atakayesoma. Ombati wa Kenyenya ni rafiki yangu tangu chuo cha ualimu. Tulilala kitanda kimoja, tukala bakuli moja, tukagombana juu ya kila kitu. Kila Agosti nilikwenda kwake tukapiga soga juma zima. Hata Diwani alizaliwa jikoni kwake. Desemba iliyopita mwanawe akamwoa binti yangu Kerubo. Tulifurahi kama watoto. Nilicheza mpaka nikateguka mguu. Hakuna kati yetu aliyefikiri kwamba kesho yake tungeamka wakwe.

Sasa kuna ensoni, ile heshima ya wakwe. Siwezi kwenda kwake bila kualikwa rasmi na wazee kujulishwa. Siwezi kumtania. Tulipoonana mara ya mwisho alivua kofia, akaiweka magotini, akaniuliza habari za mvua. Ombati! Mtu aliyenifichia suruali siku ya mkaguzi! Mwaliko haujaja. Nimeumia kuliko ninavyoonyesha.

Ijumaa, 9 Agosti

Jua zuri toka Nyamira. Nimeimba njia nzima. Diwani kabwekea kila ng'ombe. Mjini Kisii nilisimama kutia petroli, wauza ndizi wakamzunguka, mmoja akampa andazi. Mimi mwenye pikipiki sikupewa kitu.

Nimefika Suneka jua likizama. Momanyi ni Msabato. Ukimfikia Ijumaa jioni, huondoki hadi Jumapili. Najua hilo, na nimefika saa hiyo kwa makusudi, maana mkewe hupika mapema chakula cha Sabato chote. Chinsaga, mboga ya mgagani, iliyolala kwenye maziwa. Nimekula bila aibu.

Jumamosi, 10 Agosti

Kanisani na Momanyi, mimi Mkatoliki. Diwani tulimwacha nje. Wimbo wa pili akaupokea kutoka dirishani, tena kwa sauti ya juu. Mzee wa kanisa alikaza uso, akashindwa, akacheka mpaka akaketi.

Cherehani imepumzika leo ila mdomo wa Momanyi haujui Sabato. Kaniambia Ombati alikuja Julai kushona suti. Ya kijivu, yenye kizibao. Akaulizwa ya nini. Akasema ya kuwapokea wakwe.

Suti! Kwa ajili yangu mimi! Basi ndiyo imekwisha. Nitaalikwa siku moja, nitawekwa kwenye kiti chenye kitambaa, nitachinjiwa mbuzi, na mtu ndani ya suti ataniuliza habari za mvua. Momanyi alidhani nitafurahi. Nimekasirika, nimekwenda kukaa na mbwa.

Jumapili, 11 Agosti

Mvua. Tope. Kabla ya Itumbe pikipiki imelala na mimi nikalala nayo. Diwani aliruka mapema akanitazama kutoka kwenye nyasi. Nimecheka peke yangu barabarani, nimelowa chapachapa. Sijacheka hivyo tangu harusi.

Mama Bosibori alifundisha nasi, mimi na Ombati, shule yetu ya kwanza. Ni mjane sasa, ana shamba la chai linalofika hadi mtoni. Alinipa shati la marehemu nivae langu likikauka. Alimpikia Diwani mifupa kwanza, mimi baadaye.

Nilimweleza habari ya suti. Nilitarajia pole. Akaweka kikombe chini.

"Mwalimu, mimi rafiki yangu nimemzika pale nyuma ya ndizi. Wako yuko hai, yuko hapo ng'ambo tu, na wewe umekuja kuninywea chai na kununa."

Nilimwambia tena kwamba Kenyenya siendi, siwezi kuvunja heshima. Akasema hajanituma nivunje kitu. Kisha akaniongezea chai, nikajisikia mpumbavu mwenye shibe.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimerudi kulala kwa Mama Bosibori. Nina furaha. Niandike upesi.

Asubuhi niliamua kupita Kenyenya. Kupita tu. Barabara haina mkwe. Nilipanga nisipunguze mwendo, nitazame tu kama paa limepakwa rangi.

Nilipunguza. Kwenye kona ya kwa Ombati, Diwani aliruka kutoka sandukuni, akapenya ua, akakata uwanja moja kwa moja hadi jikoni alikozaliwa. Mbwa hana ensoni. Nikasikia sufuria ikianguka, na kuku.

Nikabaki getini. Kuingia siwezi. Kumwita mkwe wangu kwa jina lake, kama nilivyozoea, siwezi. Kumwacha mbwa siwezi. Nilipiga honi, nikaona haya, nikapiga tena. Kerubo wangu alitokea mlangoni. Mzima, amenenepa, anapendeza. Aliniona, akafunika mdomo, akakimbilia ndani. Nilimsikia akicheka.

Kisha akaja Ombati. Kofia mkononi, mbwa kwapani.

"Mkwe," akasema, kwa sauti ya kanisani, "mbwa wako ameingia nyumbani kwangu."

"Nisamehe, mkwe. Hana adabu."

"Alizaliwa katika nyumba ya heshima."

"Sivyo ninavyoikumbuka nyumba hiyo."

Alijaribu kukaza uso. Shavu likaanza kucheza. Alitazama nyuma, akatazama lile geti, akavuka akasimama upande wangu, kwenye murram ya barabara.

"Hapa ni kwa serikali," akasema. "Hapa mimi si mkwe wa mtu. Na suruali yako ile niliificha kwenye kisima."

Miaka yote hiyo alikana! Nilimkumbatia na mbwa katikati. Tuliketi kwenye ukingo wa barabara kutwa nzima, wapita njia wakitushangaa. Chai ililetwa hadi getini, ikaachwa kwenye kigoda, aliyeileta akarudi haraka. Tuligombana juu ya bei ya pareto, juu ya nani alikuwa wa kwanza kwa hesabu, juu ya Diwani anafanana na nani. Nilimuuliza mbona hakunialika. Akasema suti ilikuwa tayari toka Julai, lakini kila akiijaribu alijiona anakwenda kuzika mtu. Nilimwambia nami nililia kwa ajili ya suti hiyo. Hatukucheka hapo. Akaniongezea chai.

Jumanne, 13 Agosti

Asubuhi nimempitia Ombati getini. Suneka tena, watu wawili na mbwa juu ya pikipiki moja. Ombati kabeba mbwa, sanduku limebeba mzigo. Kwa Momanyi hakuna mkwe wa mtu yeyote. Tumelala chumba kimoja, kama zamani. Bado anakoroma. Tumeafikiana kwamba kila Agosti tutakutana hapa. Momanyi hakuulizwa.

Jumatano, 14 Agosti

Nyumbani. Asubuhi Ombati alipanda basi la kwao, mimi nikashika njia yangu.

Mama Kerubo aliuliza kama niliingia. Nikamwambia sikuingia. Akauliza kama nilimwona mtoto. Nikamwambia mzima, anacheka. Alinitazama, akaenda kuandaa uji.

Katika kufungua sanduku nimekuta kofia ya Ombati. Diwani ameilalia, imebonyea. Nimeipangusa, nimeitundika kwenye mti wa getini, upande wa barabara, kwa serikali.

Mvua inaanza. Natoka kwenda kuifunika.