Ukungu Ndani ya Gunia la Mama

Mlango G 14,
Kaloleni, Nairobi.
9 Mei 1981

Mpendwa ndugu yangu Matheka,

Salamu nyingi kutoka huku mjini. U hali gani, na wifi yangu Kavata hajambo? Mama je, miguu bado inamsumbua? Sisi ni wazima. Shemeji yako Kisilu yuko njiani kwenda Mombasa na lori la tajiri wake, na watoto wanasoma. Nimekusalimu kwanza kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Sasa nisikilize vizuri, maana nina hasira hata kalamu inatoboa karatasi.

Lile gunia la mahindi lilifika. Nililipokea stendi ya basi, mdomo umefungwa kwa kipande cha leso ya Mama kama kawaida, nikafurahi. Tulipolifungua, juu palikuwa pazuri. Nilipozamisha mkono katikati nikakuta joto, na mkono ukatoka umejaa unga wa kijani. Harufu yake sikuelezi.

Nawe ukamwagiza kondakta atuambie eti ni vumbi la njiani, tupete tu. Tangu lini barabara ya Machakos ikawa na vumbi la kijani? Unanifanya mimi mtoto?

Basi tukapeta. Jirani yangu Falis alinisaidia, na yale mabovu akawachotea bata wake anaowafuga nyuma ya nyumba. Juzi akaja mlangoni amemshika mmoja shingoni, wengine wamelala kando ya mtaro. “Mama Mwende, hii ni mahindi gani mnaletewa huko kwenu? Bata zangu zote zimeisha!” Nilikosa pa kuweka uso wangu. Sasa mtaa mzima unajua kwetu kunatoka nini.

Bwana afya alipopita nilimwonyesha. Alinikataza hata kuyachemsha. Alisema sumu imo ndani ya punje, na kwamba hata ukiyatwanga ukatoa maganda upate muthokoi, haiishi.

Wewe hujui mimi ni mwalimu? Nilichukua kioo cha kukuzia cha shuleni nikaitazama punje moja. Kuna nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko za pamba, zimeingia mpaka kwenye kiini. Humo ndimo zinamokula kimyakimya. Zikishashiba zinasimamisha vijiti vidogo, na kila kijiti kina kichwa kilichobeba ule unga. Huo unga ndio mbegu zake, Matheka! Chembe moja ikiangukia punje yenye unyevu, nyuzi nyingine zinaota. Ukipeta huondoi ukungu, unaupanda. Wewe umepeta hapo uani na upepo unavuma, ukalima shamba la ukungu bila jembe.

Na hakuna aliyekuroga. Uliyapukuchua mahindi hayajakauka kwa kuogopa mvua, ukayafungia kwenye magunia ya nailoni ya mbolea, ukayalaza sakafuni. Ghala la fito la marehemu Baba uliliita la kizamani, ukalivunja ukapata kuni. Lile ghala lilikuwa na miguu ili upepo upite chini yake, lakini wewe huambiliki. Uvivu wako umekuwa na maneno mengi tangu utotoni.

Nilikusudia kukutukana mpaka karatasi iishe, kisha nipumzike. Lakini leo asubuhi, tulipokuwa tunalichoma lile gunia, nikaiokota ile leso kabla haijashika moto. Unajua Mama hafungi leso kila gunia. Tangu nilipoolewa, baada ya mavuno huketi uani na ungo, akachagua punje kwa mkono, na yaliyo bora ndiyo hufungiwa leso yaje kwangu. Macho yake siku hizi hayaoni vizuri, lakini najua alichagua. Basi gunia hili lililoua bata wa watu ndilo lililokuwa zuri kuliko yote hapo nyumbani.

Matheka, Mama anakula nini?

Usinijibu kwa barua. Ukishaisoma hii, inuka ukamwage sufuria iliyo jikoni, hata kama chakula kimeiva, hata kama atakugombeza. Yaliyobaki chimba shimo uyafukie. Usiwape kuku wala mbwa, na usipete tena hata kiganja kimoja. Mkopee Mama chakula kwa jirani mpaka nifike. Ninakuja Jumamosi ijayo na unga wa dukani, na nisikute punje moja hapo. Nikiikuta, tutakosana mimi na wewe mbele ya watu wote.

Nisalimie Kavata na watoto, na shangazi Asenath pia. Mungu awafunike nyote, na amshike Mama mkono mpaka nimwone kwa macho yangu. Mwambie leso yake ninayo, nimeifua, lakini asichague tena. Mwaka huu ninaomba asinipendelee.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kukukasirikia,
Nthoki