Mama Kabula Alikuwa Akiigiza

Shinyanga, Alhamisi, Oktoba 1996. Joto kali. Mawingu yamejaa tangu asubuhi na hayajatoa hata tone.

"Mtu haigizi kitu asichokuwa nacho."

Hayo ni maneno ya Masanja. Ameyasema leo mchana mbele ya mizani ya pamba, mikono mfukoni, watu saba wakimsikiliza na kutikisa vichwa kama waliosomewa Injili. Alikuwa anamzungumzia Minza, Mama Kabula, ambaye tulimzika wiki mbili zilizopita. Maana yake ni hii: kwa kuwa Minza aliigiza mchawi vizuri mno, basi alikuwa mchawi.

Nimerudi nyumbani. Chai imepoa mbele yangu. Wacha niandike, maana nikikaa kimya nitarudi pale mizani nikapigane, na umri wangu hauruhusu.

Masanja huyu tumecheza naye kwa miaka tisa katika kikundi cha sanaa cha kinu cha pamba, ambacho mimi nilikuwa katibu wake. Ameigiza mkuu wa wilaya, naye hajawahi kutawala hata mbuzi wake mwenyewe, ambao kila wiki wanakula mihogo ya jirani. Ameigiza daktari. Nani katika mji huu angempelekea Masanja jipu? Mimi nimeigiza maiti mara nyingi kuliko ninavyokumbuka, nzi wakinitembea usoni, na jioni hiyohiyo nikala ugali na dagaa. Nilimwambia hayo yote palepale. Watu wakacheka. Masanja naye akacheka.

"Katibu," akasema, "wewe maiti ulikuwa unakohoa. Yule mama hakukohoa."

Wakacheka zaidi. Nimeshinda mabishano mengi maishani mwangu. Haya sikuyashinda.

Ndiyo, hakukohoa. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Minza alikuja kwetu kutoka banda la kuchagua pamba, ambako alikuwa akitenga daraja la kwanza na la pili kutwa nzima. Hakujua kusoma. Nilikuwa namsomea maneno yake wakati wa mapumziko, naye akiyarudia huku anatafuna karanga, na kufikia siku ya tatu aliyajua yake na ya wenzake. Mwendo wa bibi kizee wa igizo letu, yule anayeitwa mchawi, aliutafuta miezi miwili. Alijaribu fimbo, akaitupa. Alijaribu kuinama, akasema anaonekana kama mtu aliyeangusha shilingi. Mwisho akatia kokoto ndani ya kiatu cha kushoto, na tangu siku hiyo Minza hakuonekana tena jukwaani. Alionekana bibi wa miaka themanini anayeichukia dunia. Tukimaliza, alivua kiatu, akaifunga kokoto kwenye pindo la khanga, kisha akauliza nani ana chumvi, mahindi yanaungua.

Wiki hii redio imemlilia mwigizaji mmoja wa Dar es Salaam. Wamepiga sauti yake, wamewahoji wenzake, mtangazaji amepaliwa na machozi. Alistahili. Lakini Minza hakuwa na sauti iliyorekodiwa popote. Kazi yake yote imebaki vichwani mwa watu waliomtazama, na sasa vichwa hivyo vinaigeuza kuwa ushahidi dhidi yake.

Macho mekundu yalikuwa wazo langu.

Naandika hivyo kwa sababu daftari hili nililianza kwa ahadi ya kutojidanganya. Huku kwetu Usukumani miti imekwisha. Mama zetu wanapikia mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa na mabua ya pamba, macho yao yanakuwa mekundu kwa moshi, na kwa wekundu huo wanaitwa wachawi na kukatwa mapanga. Nilitaka kuidhihaki imani hiyo. Nikamwambia Minza ajipake maji ya kitunguu chini ya macho. Akajipaka.

Igizo lilikuwa na sehemu tatu. Katika ya kwanza mtoto anaugua. Katika ya pili kijiji kinamwona bibi kizee akizunguka na macho yake, akinong'ona peke yake, na watu wanamhukumu. Katika ya tatu inajulikana kwamba mtoto aliugua kwa maji machafu ya kisima, na kwamba bibi alikuwa akinong'ona majina ya watoto wake aliowazika. Sehemu hiyo ya tatu ndiyo igizo lenyewe. Mbili za kwanza ni mlango tu.

Rwamgasa, kambi ya machimbo ya dhahabu kule Geita, tuliucheza mlango, nyumba tukaiacha.

Mnunuzi wa dhahabu aliyetukodia lori alikaa mbele kabisa. Minza alipozunguka uwanja, wachimbaji waliotoka maduarani, mashimoni mwao, wakiwa na vumbi hadi kwenye kope walipiga kelele, "Nogi, nogi," yaani mchawi kwa Kisukuma chetu, na wengine wakaruka nyuma kweli. Mnunuzi akanivuta shati. "Katibu, kata hapo hapo. Watu wamechangamka, leta ngoma." Nikakata. Kambi iliyofuata nikakata bila hata kuambiwa. Hadi mwisho wa safari tulikuwa tumesahau kwamba sehemu ya tatu ipo.

Minza hakusahau. Njiani, juu ya lori, aliniambia, "Katibu, umeniacha kule nikiwa mchawi. Nitarudije?"

Nikamjibu, "Utarudi kwa lori, kama sisi."

Wote tulicheka. Yeye pia, nafikiri. Sikumtazama.

Kinu kilipopunguza wafanyakazi, Minza alirudi kwao Nyahanga, Kahama, akalima. Vijana wa pale waliokuwa wakichimba Geita walirudi pia, nao walimtambua. Hawakumtambua kama mwigizaji. Ng'ombe watatu wa jirani walipokufa mwaka huu, jibu lilikuwa tayari. Wakamtenga. Anayetengwa huku kwetu hapewi moto, haitikiwi salamu, wala hakuna anayepokea kikombe mkononi mwake. Alikuwa na bintiye Kabula tu.

Habari za kutengwa kwake zilinifikia Agosti. Nilisema nitakwenda mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi nikasema nitakwenda mwisho wa mwezi mwingine. Mimi, ambaye naandika barua kwa magazeti kuhusu haki za watu wa nchi ambazo sijawahi kuziona.

Homa ilimshika. Kabula alikwenda kwa mwenye mkokoteni wa ng'ombe akaambiwa gurudumu limevunjika. Kesho yake gurudumu hilohilo lilibeba mahindi kwenda sokoni. Alikwenda kwa mwenye baiskeli, mlango haukufunguliwa, na ndani watu walikuwa wakiongea. Akambeba mama yake mgongoni. Zahanati si mbali, ni mwendo wa saa moja kwa mtu asiye na mzigo. Minza alikata roho njiani.

Hakukatwa panga. Watu wananiambia hivyo kana kwamba wananipa pole.

Kwenye mazishi tulikwenda watano tuliobaki wa kikundi, pamoja na Bwana Nurdin wa duka la vitambaa hapa mjini, ambaye mapazia yake ya zamani ndiyo yalikuwa jukwaa letu. Kabula alipika. Mnajua matanga yalivyo: watu hula hata kama hawana njaa, kwa sababu kula ni kusema tuko pamoja nawe. Sufuria likakaa bila kuguswa. Majirani walisimama mbali kwenye ua wa minyaa. Bwana Nurdin akanawa, akakaa mkekani, akala. Mimi nilinawa wa pili, na kabla ya kunawa nilisita. Muda mfupi tu, lakini Kabula aliniona. Ninyi wengine wa kikundi mlikuwa na sababu za kutokula. Masanja alisema tumbo linamsumbua. Njiani tukirudi alikula mishikaki minne pale stendi.

Leo asubuhi Kabula ameniletea ujumbe kwa mdomo wa dereva wa lori la pamba: "Mwambie baba Katibu, shikamoo, na Jumapili baraza la kitongoji linakaa kuamua kama nihame. Wanasema mimi ni mtoto wake, lazima ameniachia uchawi." Ana watoto wawili wadogo na ekari mbili za shamba ambazo mama yake alizilima kwa mkono. Hana pengine pa kwenda. Na tunajua wote kwamba wanaokataa kuhama huwa hawafukuzwi mara ya pili kwa maneno.

Nilikuwa nawaza tuicheze ile sehemu ya tatu mbele ya baraza. Nimeliandika wazo hilo na kulikata kwa kalamu. Wangesema tunaigiza tena. Safari hii wangekuwa na haki.

Kwa hiyo ukurasa huu nitaupiga chapa kesho ofisini, nakala nne, na kuwafikishia ninyi wanne kwa mkono wangu. Sitaki michango yenu, wala rambirambi za pili. Jumapili lori la pamba linaondoka alfajiri, nimeshaongea na dereva. Njooni msimame mbele ya lile baraza, mtaje majina yenu, mseme kwamba mlimwona Minza akitia kokoto kiatuni, mlimwona akilia kwa kitunguu, na kwamba aliyeamuru igizo likatwe ni mimi. Nitakuwa nimesimama hapo. Mnionyeshe kwa kidole. Kisha tutakwenda uani kwa Kabula, saa ya mchana, majirani wote wakitazama. Atakuwa amepika ugali. Atauleta kwa mikono yake, na tutaula wote hadi uishe.

Masanja, wewe utanawa wa kwanza.