Nani Aliulizwa, Anastazia?

Anastazia, rafiki yangu,

Najua hutanijibu, wewe uliyekuwa huwezi kunyamaza hata kanisani. Nakuandikia kwa sababu naogopa.

Tumehamishiwa kijiji cha ujamaa, upande wa Tura. Zahanati bado inanuka rangi, na muuguzi ni mimi peke yangu. Juzi wameingia madaktari wageni na dawa ya malale, ileile waliyokuchoma wewe kule mjini. Wanasema bado inajaribiwa.

Wewe ulikubali mwenyewe. Ndugu zako wa Ntalikwa walitaka ukoo ukae kwanza, mjomba aseme neno, kama tunavyofanya mtu akitaka kupewa dawa kali. Madaktari wakasema sahihi yako inatosha. Ukanikonyeza: "Niwasubiri wamalize ugoro wao, nife?" Ukafa hata hivyo, na mpaka leo sijui kama ni malale au ni sindano. Nimekukumbuka sana.

Mwaka huu nilipelekwa semina. Mkufunzi akatuambia maadili ya tiba ni elimu moja, dunia nzima. Nikanyoosha mkono: basi ruhusa anaombwa nani? Akasema mgonjwa. Mwenzake, wa nchi nyingine, akasema kiongozi wa jamii. Wakabishana kwa heshima mpaka chai ikaja, na swali langu likaishia kwenye maandazi.

Hapa wamechukua jibu la pili. Mwenyekiti alisimama mkutanoni akakubali kwa niaba ya kijiji kizima. Kesho wanaanza na watoto, wagonjwa na wazima. Binti yangu Modesta, uliyemsimamia ubatizo, hana hata homa, naye yumo. Nikamwuliza daktari, mama haulizwi? Akanijibu kwa upole, "Kijiji kimeshakubali, Sista." Upole ule ndio ulionitisha. Kwako ukoo haukuhitajika, kwangu mama hahitajiki, na sindano ni ileile.

Akina mama wameacha kunisalimu. Mgambo wamesimama kwenye njia zote za kutokea, eti wanapokea wageni. Wageni wameshafika, Anastazia. Na mimi nimepangiwa kuwashika watoto mikono wasirukeruke.

Pumzika, dada yangu. Nakuahidi, kesho alfajiri nitamshika Modesta mkono, ila hatutaelekea zahanati. Mgambo wakitusimamisha, wataniuliza tunakwenda wapi. Angalau nitakuwa nimeulizwa.

Wako,
Felista